Siku Niliyowagombeza Wachumaji wa Leonard

Mume wangu Jotham ni mtoto wa reli. Alizaliwa Makongeni, Nairobi, kwenye nyumba za shirika, na shamba alilolijua utotoni ni lile la kwenye picha ya kalenda. Pengine ndiyo maana anapenda kilimo. Mimi nilizaliwa Kirinyaga katikati ya mistari ya kahawa, na kilimo nakijua kwa mgongo. Kwa hiyo mwanzoni mwa 2008, aliponiambia jikoni kwetu Thornton Heath, London, kwamba akistaafu kuendesha mabasi anataka turudi tukalime kahawa ya marehemu baba yangu, nilimwuliza kama amemeza dawa zake za presha.

"Nimemeza," akasema. "Mama Keren, sina utani."

"Hata mimi sina. Jibu ni hapana."

Lakini hapana yangu haikuwa nyepesi hivyo, na yeye alijua. Baba alifariki mwaka 1997. Kipande cha kahawa aliniachia mimi, binti, badala ya Harrison ndugu yangu. Alilisema hilo mbele ya wazee, watu wakashangaa, na mimi huku London nikashangaa kuliko wote. Harrison ndiye aliyekuwa akikiangalia. Krismasi iliyokuwa imetoka kupita alinipigia simu akasema miti imezeeka, majirani wote wameng'oa wakapanda mishiri, yale maharagwe membamba ya kupelekwa Ulaya ambayo mimi mwenyewe huyanunua hapa kwenye supamaketi, na anaomba ruhusa yangu naye ang'oe kabla ya mvua za Machi. Nilimwambia anipe muda kidogo. Moyoni nilikuwa nimeshasema ng'oa, ila mdomo ulikataa kulitamka.

Kahawa nimeichukia tangu nikiwa mdogo, wala sioni haya kusema. Watoto wengine walikuwa wanaamshwa kwa uji, sisi tuliamshwa kwa debe. Unaingia shambani umande haujakauka, sketi ya shule inalowa hadi kiunoni, vidole vinakuwa vyeusi na vinanuka. Na huchumi ovyo! Kwetu ni mbivu tu, ile nyekundu kabisa, moja moja. Jioni fakitorini, kiwanda cha kuoshea kahawa, unamwaga kahawa yako juu ya gunia, unapiga magoti, unatoa kila punje ya kijani iliyoponyoka. Baba alikuwa akiiona hata moja huishika kwa vidole viwili na kuuliza, "Nani amemtoa huyu mtoto tumboni kabla ya siku zake?" Nilivyopata nafasi ya chuo cha uuguzi niliondoka bila kugeuka nyuma. Sasa ninafanya kazi wodi ya wazee huko Croydon, ninakunywa chai, na maisha ni mazuri.

Basi Jotham akaniletea ujanja wa Leonard. Leonard alikuwa dereva mwenzake wa basi la 250, Mkatoliki kutoka Kodagu, kusini mwa India. Walikuwa wakikutana kantini ya gereji na kubishana juu ya maharagwe yao ya bustanini mpaka chai inapoa. Miaka michache nyuma Leonard alikabidhi sare, akarudi kwao na mkewe Philomena kulima kahawa iliyoachwa na baba yake. Kila mwaka alituandikia tuje. Jotham akasema, "Twende mara moja. Uone mtu wa London anavyoishi akirudi shambani. Ukitoka huko ukisema hapana, nitampigia Harrison mwenyewe nimwambie ang'oe, na sitakuuliza tena mpaka nife."

"Na hata tukiwa huko hutaniuliza?"

"Hata huko."

Nikaona hilo ni dili. Likizo ninayo, jua la Januari ninalitaka, na hapana yangu nilikuwa nimeshaifunga kwenye sanduku. Binti yetu Keren, aliyekuja London akiwa na miaka mitano na anayeelewa kila neno la Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, alitupeleka Heathrow. Njiani aliniuliza kama nimewahi kukaa shambani dakika kumi bila kulalamika. Nikamwambia shamba ndilo lililonilea, yeye amelelewa na supamaketi. Akacheka akaniambia nisahau kazi, nipumzike.

Leonard alitupokea Bangalore na gari kuukuu la shambani. Yule Leonard niliyemjua Thornton Heath, mtu aliyekuwa akisubiri njiwa wavuke barabara, huku alikuwa mtu mwingine. Alipigia honi ng'ombe, baiskeli, kona, lori, na mara nyingine barabara tupu. Jotham alikaa mbele karibu naye, na kila baada ya dakika mguu wake wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwepo. Mimi na Philomena tulikaa nyuma tukiwacheka. Philomena ni mwanamke mnene, mpole wa sura na mkali wa maneno, na nilimpenda tangu zamani kwa sababu hiyo ya pili.

Tukaacha mji. Yakaja mashamba ya miwa, kisha mpunga, kisha minazi, na mikokoteni ya ng'ombe wenye pembe zilizopakwa rangi ya samawati. Jua lilikuwa limetulia. Nilivua soksi nilizovaa London nikazitia mkobani, na nakumbuka nilijisikia vizuri hata kabla hatujafika popote.

Baada ya mji wa Mysore, Jotham akapiga kelele, "Simama! Leonard, simama!"

Barabarani, lami yote upande mmoja hadi mwingine, watu walikuwa wametandaza mavuno, mabua na masuke yake. Wanawake wawili wamekaa pembeni kivulini. Leonard hakusimama, hakupunguza hata mwendo. Akapita juu ya chakula cha watu kwa magurudumu yote manne, na wale wanawake wakampungia mkono.

Jotham aligeuka kunitazama uso umemshuka. Dereva wa basi wa miaka yote ile, hajawahi kukanyaga hata kofia ya mtu.

"Wanataka tukanyage," Leonard akasema. "Magari ndiyo yanayowapuria. Usipopita juu yake watakuona una roho mbaya."

Alisimama mbele kidogo ili tuone. Nilishuka, nikainama, nikachukua masuke machache nikayasugua kiganjani. Zikabaki punje ndogo nyekundu, nikapuliza makapi. Lo, wimbi! Wimbi hili hili la uji wetu. Nilijikuta natabasamu peke yangu barabarani. Jotham akaomba ruhusa ya kuendesha, akarudi nyuma, akapita juu ya wimbi lile mwenyewe, polepole, amekunja uso kwa uangalifu kama anayeingiza basi gereji. Wale wanawake wakacheka wakafunika midomo kwa ncha za sari.

Mchana tulikula kwenye hoteli ndogo ya kando ya barabara. Kila mtu aliletewa jani la mgomba, na juu yake donge la ugali wa wimbi, limeviringwa vizuri, na mchuzi. Jotham akasugua mikono. "Hapa nimefika nyumbani," akasema, akamega, akatafuna. Watu wa meza ya pili wakaacha kula. Akatafuna zaidi. Philomena akanong'ona kwamba ugali huo hautafunwi, unachovywa mchuzini na kumezwa mzima mzima. Sasa mwambie Mkenya ameze ugali bila kutafuna! Jotham alijaribu mara moja, macho yakamtoka, nikampiga mgongoni. Mimi nilitafuna wangu wote, na sikuomba samahani kwa mtu.

Alasiri tukaanza kupanda milima. Hewa ikapoa, barabara ikaingia katika msitu mkubwa wa miti mirefu, mipilipili manga imeparamia mashina hadi juu. Nilikuwa nangoja msitu uishe tuone shamba. Haukuisha.

"Leonard, kwani shamba liko wapi?"

"Tumo ndani yake tangu pale kwenye kanisa," akasema.

Nikatazama tena. Chini ya ile miti, kivulini, kulikuwa na kahawa. Kahawa tupu, kila mahali, imekaa gizani mwa msitu. Kwetu kahawa inasimama juani, mistari imenyooka, hata mzungu wa ukaguzi akija anaiona yote kwa jicho moja. Nikasema moyoni, hawa watu wanacheza. Sikusema kwa sauti kwa sababu mimi ni mgeni na nimelelewa.

Nyumba yao ilikuwa ya vigae vyekundu, na baraza ndefu. Usiku ule tulilala vizuri. Asubuhi Leonard akatuambia wachumaji wameshaingia, tukitaka twende tukaone. Jotham alikuwa ameshavaa viatu.

Wanawake walikuwa wengi, wamefunga vitambaa kichwani, wanazungumza na kucheka. Walikuwa wametandaza maturubai chini ya miti. Halafu nikaona wanachofanya. Mwanamke anashika tawi pale linapoanzia, anavuta mkono mmoja tu hadi nchani, na kila kitu kinamwagikia chini: nyekundu, njano, kijani, majani, yote pamoja. Anashika tawi jingine. Vrrr. Jingine.

Sijui nilifikaje pale. Jotham anasema nilimpita mbio. Ninachokumbuka ni kwamba nimeshamshika mkono mwanamke mzima, mtu mzima aliyenizidi umri, mwenye kipini cha dhahabu puani, na ninamwambia, "Wewe! Wewe, mama, huoni hizi ni mbichi? Nani aliyekufundisha kazi hii?" Nilianza kwa Kiingereza, nikaingia Kiswahili, nikamalizia kwa Kikuyu. Niliokota punje za kijani kutoka kwenye turubai nikamwonyesha moja moja. Nilimwuliza nani amemtoa mtoto huyu tumboni kabla ya siku zake. Niliwageukia wale wengine nikawauliza kama mama zao wanajua.

Yule mama alingoja mpaka nilipomaliza. Hakuvuta hata mkono wake. Kisha akamgeukia Leonard akasema neno moja refu, na wanawake wote wakaangua kicheko wakashikana mabega.

"Anasemaje?" nikauliza.

Leonard alikuwa anafuta machozi. "Anauliza kama wewe ni mama mkwe wangu."

Akanieleza. Kahawa ile si ya aina ya kwetu. Ni robusta, haioshwi fakitorini, inaanikwa juani nzima na ganda lake, na ndivyo babu zao walivyoichuma, tawi zima kwa mkupuo. Niliposikia "inaanikwa na ganda" nikasonya. Kwetu hiyo inaitwa mbuni, na mbuni ni kahawa iliyokataliwa, ile unayoianika nyuma ya nyumba jirani asione. Sasa hapa watu wazima wanalima mbuni kwa makusudi, ekari baada ya ekari, na wanajengea nyumba za vigae!

"Basi nipeni mti wangu," nikasema. "Nichume kama watu."

Wakanipa mti na kikapu. Nikavua saa yangu ya wodini nikaitia mfukoni, nikaingia. Nilidhani mikono imesahau. Mikono haikusahau kitu. Wa kushoto ulishika tawi, wa kulia ukajua wenyewe wapi pa kupita na wapi pa kuacha, na nyekundu zikaanza kulia kikapuni. Nilichuma mti mmoja, nikahamia wa pili. Vidole vikawa vyeusi na vikaanza kunuka ile harufu, na niseme ukweli, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaimba. Jotham alichuma karibu nami muda kidogo, akaumwa mgongo, akaenda kukaa kwenye gunia.

Mchana wenzangu walikuwa na magunia yaliyosimama wima na mimi nina kikapu kisichofika hata debe. Yule mama wa kipini alikuja akachota kiganja kutoka kwangu, nyekundu tupu, akazigeuza geuza juani. Akasema kitu. Leonard akatafsiri: "Anasema ni nzuri sana kwa kutazama." Wakacheka tena, nami nikacheka nao. Akanigawia chakula chake, wali wa limau kutoka kwenye kopo, tukala tumekaa chini.

Jotham hakusema neno. Nilimngoja aseme, nimjibu. Hakusema mchana, hakusema jioni tulipokaa barazani. Alizungumza na Leonard juu ya pampu ya maji. Mimi na Philomena tulikuwa tunamenya njegere.

"Mlipofika huku uliona vipi?" nikamwuliza.

"Mwaka wa kwanza nilimnunia Leonard," akasema. "Wajukuu wamebaki Mitcham, London, mimi niko na nyani. Mwaka wa pili nikaanza kuwanunia wafanyakazi, na nyani, na padri. Leonard akashukuru Mungu."

Tulikaa kwao wiki nzima. Nilichuma karibu kila siku, kwa namna yangu, na asubuhi wale wanawake wakiniona huitana, "Mama mkwe amekuja." Nilijifunza hata kuvuta tawi kama wao, ingawa nilifumba macho. Na Jotham wangu, bubu. Alikuwa ameahidi hataniuliza, na kumbe alikusudia kutimiza. Miaka yote ya ndoa mtu huyu amesahau takataka, amesahau siku yangu ya kuzaliwa, ahadi aliyochagua kutimiza ni hii.

Siku ya kuondoka Leonard alituendesha kurudi. Tulisimama kunywa maji ya dafu kwenye mji mdogo njiani, Leonard akaenda kutafuta mafuta ya gari. Nikashindwa.

"Baba Keren, mbona huniulizi?"

"Tulikubaliana."

"Niulize."

Akaweka dafu chini. "Wewe ulikataa kabla hatujaondoka. Nikuulize nini?"

"Niulize kwa nini."

Akaniuliza kwa nini. Na mimi, ambaye huwaambia wagonjwa wangu kila siku waseme panapouma, nilichukua muda. Nilimwambia kwamba Baba alipokufa, pasipoti yangu ilikuwa katika ofisi ya uhamiaji ikingoja muhuri, na basi langu la kazini lilipita chini ya jengo lile kila asubuhi, na juu mle ndani kuna kijitabu kinachonizuia kumzika baba yangu. Hayo aliyajua. Asilolijua ni kwamba baadaye, nilipokwenda Nairobi kwa harusi za watu, nilisema sina nafasi ya kufika Kirinyaga, na nafasi nilikuwa nayo. Baba amezikwa ndani ya kahawa. Nikienda lazima nipite katikati ya mistari ile ile nifike kwake, halafu nisimame pale. Nilikuwa naogopa. Ilikuwa rahisi kusema naichukia kahawa.

Jotham alinishika mkono.

"Na sasa?" akauliza.

"Sasa nitafutie simu."

Kulikuwa na kibanda cha simu upande wa pili wa barabara, cha manjano, mwenyewe amekaa nyuma ya meza. Tukavuka. Nikampa namba ya Harrison, akabonyeza, akanipa mkono wa simu. Jotham alisimama mlangoni.

"Harrison, umeng'oa?"

"Jedidah? Uko wapi? Bado, nakungoja wewe."

"Usiguse hata mti mmoja. Unanisikia? Mwezi wa nne tunakuja mimi na Jotham, tukae tuone, na mwakani tuje kabisa. Na hayo machipukizi ya chini nani anayapunguza? Magugu je? Na pale kwa Baba umepaweka vipi? Nikikuta pamemea nyasi nitakuchapa, na usifikiri umekuwa mzee wa kutochapwa." Niliendelea hivyo muda mrefu. Mwenye simu alikuwa anatazama ile saa ya kuhesabu dakika na kunitazama mimi.

Laini ikakoroma tu. Nikadhani imekatika.

"Harrison?"

"Nipo." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tangu Baba afe hujawahi kunigombeza. Kila nikikupigia unaniambia asante Harrison, pole na kazi Harrison, kama mtu wa benki. Nilijua umeshatuacha. Ndiyo nikasema basi, ning'oe."

Nililia pale pale mbele ya mtu nisiyemjua, nikiwa nimekumbatia mkono wa simu yake. Yule bwana akainuka, akanisukumia kiti chake. Nikakaa. Nikajipangusa uso kwa ncha ya leso, nikavuta pumzi.

"Sasa nisikilize vizuri," nikamwambia Harrison, "na usinikatize."